Ngozi ya Bibi Ngolo

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, ajuaye kilichofukiwa ardhini na kilichofichwa vifuani, aliyeniruzuku umri mpaka macho yamechoka na ulimi bado unataka kumtaja. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na watu wake, na kila aliyeishika njia yao kwa unyenyekevu. Naandika haya nikiwa barazani kwangu, Tinde, na mbele yangu, karibu na kikombe cha chai, pana kipande cha ngozi ya ng'ombe. Ni cha duara, kipana kama kisosi, kigumu kama ubao, na manyoya mekundu yaliyofifia yamebaki upande mmoja tu. Nilikabidhiwa wiki tatu zilizopita huko Masumbwe, siku tuliyomzika Shija, mdogo wake Ngassa aliyekuwa tajiri wangu enzi nikiwa dereva kijana. Watu walipokuwa wakinawa mikono, binti yake Shija alinivuta pembeni, akafungua pindo la khanga yake, akasema, "Baba alisema hiki ni cha Mzee Rajabu wa Tinde." Alisema na maneno mengine, lakini hayo nitayaweka mwisho, ndipo mahali pake. Usiku ule sikula. Wajukuu wangu walidhani nimechoshwa na safari. Mimi nilikuwa nimerudi katika mwaka mmoja wa ujana wangu, miaka michache kabla ya Uhuru, mwaka ambao nilikuwa na hofu kuliko miaka yangu mingine yote, na ambao namshukuru Mungu kwa ajili yake kuliko mingine yote.

Gari lilifika kiangazi, baada ya pamba kuuzwa. Ngassa alikuwa mfanyabiashara wa Masumbwe; alinunua ng'ombe, na alipeleka unga, chumvi na sabuni kwa wachimbaji wa dhahabu waliotapakaa katika makambi ya kuelekea Geita. Njia za huko zilikuwa za mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka na masika hugeuka uji. Ndiyo maana alinunua pikapu mpya ya aina iliyosifiwa sana wakati ule, gari ambalo magurudumu yake yote manne yaliweza kuvuta. Lilikuwa la kijani, na ndani lilinukia rangi na mpira mpya. Sakafuni palikuwa na mikono miwili ya gia: mmoja mrefu, wa kawaida, na mwingine mfupi wenye kirungu chekundu. Huo mfupi ulikuwa wa kile sisi madereva tulichokiita fowili. Ukiusukuma mbele mpaka ushike, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Ukiurudisha, yanavuta ya nyuma peke yake. Ngassa hakuchoka kuwaeleza watu. "Likiingia fowili, gari hili linapanda hata ukuta," alisema mbele ya duka. Mama Yohana, mke wa katekista, aliyekuwa akiuza maandazi ng'ambo ya njia, alimjibu bila kuinua uso kwenye kikaango, "Ukuta wangu usiuguse, Baba. Umekandikwa juzi."

Kulipokea gari, alichinjwa ng'ombe. Hakuwa wa Ngassa. Alikuwa wa Bibi Ngolo, shangazi yao Ngassa na Shija, dada wa baba yao, mjane ambaye watoto wake wote walitangulia mbele ya haki. Aliishi katika nyumba ndogo ya msonge nyuma ya zizi, na mali yake ilikuwa dume moja jekundu. Alilitoa mwenyewe. "Mnyama wangu amkaribishe mnyama wenu," alisema, akacheka, na watu wakacheka naye. Nilichinja mimi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu mahali palipochanganyika watu: Mwislamu hushika kisu ili pasiwe na atakayekaa pembeni wakati wa kula. Nililielekeza dume kibla, nikalitaja jina la Mungu, nikakata. Ngozi yake Bibi aliiwamba kwa vigingi, akaikausha kwa majivu, akailainisha kwa samli kwa mikono yake mwenyewe karibu mwezi mzima. Kisha akaipasua mpasuo mmoja kwa ajili ya mikono ya gia, kwa kukadiria kwa macho, akaitandika sakafuni mwa gari, manyoya juu. Katika boma lile ngozi ya mnyama aliyechinjwa kukipokea kitu haiuzwi, na haiachani na kitu hicho. Siku ya kwanza Ngassa alipoikanyaga alivua viatu.

Chumba changu kilikuwa kimeegemezwa kwenye ghala la unga. Kulikuwa na kitanda cha kamba, msala wangu, sanduku la bati, na ukuta wa fito na udongo ambao haukufika kwenye paa, kwa hiyo nilisikia kila gunia lililoburutwa na kila aliyepiga chafya upande wa pili. Chakula cha mchana alikuwa akiniletea Bibi Ngolo. Aliniletea matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa mgando katika kibuyu kilichofukizwa moshi mpaka maziwa yenyewe yakawa na ladha ya moshi. "Shikamoo, Bibi." "Malahaba, Lajabu. Umeamka na mikono yote?" Hilo lilikuwa swali lake la kila siku, kwa sababu aliamini mtu anayeshindana na mashine iko siku ataacha kidole humo. Macho yake yalikuwa mekundu. Nchi ile kuni ziko mbali, na kikongwe asiye na wa kumsombea kuni hupikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake huwasha macho mwaka hata mwaka. Niliuona moshi ule kila asubuhi ukimtoka mlangoni pamoja naye. Nalitaja jambo hili mapema, kwa kuwa nchi ile macho mekundu ya kikongwe yalihesabiwa dalili ya uchawi, na wako waliouona moshi kama mimi, na baadaye wakajifanya hawakuwahi kuuona.

Mvua zilianza. Safari ya kwanza ya masika, gari likiwa na magunia kumi na nne ya unga, nilifika mbugani nikasukuma kirungu chekundu mbele. Kilikwenda. Kwa macho kilikuwa kimeingia kabisa. Lakini magurudumu ya nyuma yalizunguka na kurusha tope, na ya mbele yakasimama kama watu waliosusa. Tulichimba kwa majembe mpaka alasiri. Safari ya pili vivyo hivyo. Safari ya tatu nilisikia mlio chini ya sakafu, mkwaruzo wa chuma na chuma, na kirungu kikarudi nyuma chenyewe upana wa kidole, kama kilichosukumwa na mkono. Ngassa hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Lajabu," aliniambia, "nilikupa gari jipya. Umelivunja?" Nikalipeleka Shinyanga kwa Fundi Maftaha, mtu wa Tabora, aliyenifundisha ufundi wote nilioujua. Ili afungue bati la sakafu ilibidi ngozi itoke. Nikaikunja kwa adabu na kuiweka nyuma chini ya turubai, mafuta yasiidondokee. Maftaha alichunguza gia zote, springi zake na vyuma vinavyounganisha mkono na boksi la gia. Akaliingiza gari katika tope la nyuma ya karakana yake, akasukuma kirungu. Magurudumu manne yakavuta, likatoka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Akashuka akijifuta mikono. "Gari ni zima, Rajabu. Aliyeharibika ni dereva." Wanafunzi wake wakacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini? Nikafunga bati, nikaitandika ngozi ya Bibi mahali pake, nikaenda zangu.

Nilipofika mbuga ya nyumbani, fowili ikakataa. Nikarudi Shinyanga. Ikakubali. Nikarudi Masumbwe. Ikakataa. Leo naweza kuandika sentensi hizo fupi kwa utulivu, lakini wakati ule nilianza kuamka kabla ya adhana nikijiuliza kama kweli akili zangu ziko sawa. Kisha ikaja siku ya mto. Ulikuwa mto wa msimu, kiangazi ni mchanga mtupu, tuliokuwa tukiuvuka kwenda makambini. Maji yalifika nusu ya magurudumu, si mengi, na Shija alikuwa nyuma juu ya magunia amevaa koti lake zito la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani. Katikati ya maji nilisukuma kirungu, kikakwaruza, kikarudi. Gari likateleza ubavu, likainama. Maji yaliingia mlangoni, yakaja magotini, ya baridi, na nikasikia Shija akipiga ukelele mmoja halafu kimya. Nilitamka shahada nikidhani ndiyo mwisho wangu. Wachimbaji waliokuwa ng'ambo walituvuta kwa kamba. Shija alikuwa hai, mkono wake wa kushoto umevunjika mara mbili, na unga wote ulikwenda na maji. Alifungwa mkono kwa vijiti. Njia nzima aliitazama tu ile ngozi, iliyokuwa imeloa na kuvimba chini ya miguu yangu.

Siku tatu baadaye, baada ya adhuhuri, nilikuwa nimejilaza chumbani, mvua inapiga bati. Ghalani waliingia Ngassa na Shija, na nadhani kwa kelele za mvua walisahau kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta. Nakumbuka kila neno.

"Wewe nieleze," Shija alisema. "Ugonjwa gani unapona Shinyanga na kurudi hapa?"

"Dereva hajui kazi."

"Dereva huyuhuyu ndiye analiendesha Shinyanga. Kaka, usinizungushe. Ndani ya gari lile kuna kitu gani ambacho hakikutoka dukani?"

Nikasikia Ngassa akiburuta gunia.

"Ngozi," Shija akasema. "Na aliyeitoa umemwona macho. Wanawe wote wako wapi? Mkono wangu uko wapi?"

"Ni dada wa baba, Shija."

"Najua ni nani. Mganga anakuja Ijumaa, siku ya gulio. Akimtaja, tutamsindikiza."

Nilisubiri Ngassa aseme hapana. Nilisikia akitema tumbaku, na mvua, na tena mvua. Sasa msomaji aelewe kwamba neno hilo la kusindikiza, kwa namna walivyolitumia wao, halikuhitaji kufafanuliwa kwa mtu wa nchi ile. Mwaka uliotangulia, kijiji kimoja upande wa magharibi, kikongwe mmoja alisindikizwa asubuhi na wanaume wanne wa ukoo wake, na wakarudi wanne. Nililala pale pale, wala sikuthubutu kugeuka kitanda kisilie. Ilikuwa Jumanne. Nilielewa kwamba mimi peke yangu kati ya watu wale nilijua kufungua sakafu ya gari, na kwamba nikishindwa kuipata sababu ya chuma kabla ya Ijumaa, watapata sababu ya mtu.

Jumatano nzima nilikuwa chini ya gari, katika kibanda cha makuti ubavuni mwa ghala. Niliweka mawe magurudumu ya nyuma, nikainua gurudumu moja la mbele kwa jeki, nikazima injini na kuacha gia ndani. Jaribio lake ni rahisi: ukitia fowili na ikaingia, gurudumu lililoinuliwa halizunguki kwa mkono, kama haikuingia linazunguka bure. Kabla ya kuanza, kama kawaida yangu, niliikunja ngozi nikaiweka juu ya kiti. Nikasukuma kirungu, nikashuka, nikashika gurudumu: halizunguki. Imeingia. Nikakaza nati, nikajaribu: imeingia. Nikamwaga mafuta ya boksi la gia nikayachuja kwa kitambaa nikitafuta vipande vya chuma, hakuna. Nikajaribu mara thelathini, na mara zote thelathini gari lilikuwa zima. Niliswali alasiri nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na katika sijda nikajikuta namwomba Mungu alivunje gari lile mbele ya macho yangu. Sijawahi kusikia mtu mwingine aliyeomba dua ya namna hiyo.

Alhamisi mchana, manyunyu yakianguka, Bibi Ngolo alikuja na kibuyu na bakuli lake. Sijui alikuwa amesikia nini. Vikongwe wa mabomani husikia yote. Aliona kiti cha gari ni kikavu, akapanda ndani akae, akaishusha ngozi kutoka kwenye kiti, akaitandika sakafuni na kuweka juu yake miguu yake yenye tope.

"Bibi, naomba niitoe, nafanya kazi."

"Acha. Miguu yangu inaona baridi. Fanya kazi yako na mimi nipo."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaingiza mkono kupita magoti yake, nikasukuma kirungu. Kikaenda mbele kama siku zote. Nikashuka, nikashika gurudumu, nikalivuta bila matumaini. Likazunguka. Likazunguka jepesi, bure kabisa. Nikarudi, nikapiga magoti kwenye tope nje ya mlango, nikatazama kwa jicho langu sakafuni mbele ya ule mkono mfupi. Ngozi, iliyokuwa bado na unyevu wa mvua na wa mto, ilikuwa imevimba unene wa kidole. Miguu yangu na ya abiria ilikuwa imeisukuma mbele siku nyingi, na ikajikunja ikajaa kati ya mkono wa gia na bati. Kirungu kilifika kwenye ngozi, si kwenye mwisho wake. Kwa macho kimeingia. Ndani, bado upana wa ukucha. Nikainua pindo la ngozi, nikasukuma: tak! Gurudumu likagoma. Nikaishusha: likazunguka. Kiangazi, ngozi ikiwa kavu na bapa, hakuna aliyehitaji fowili. Na kila aliyeitafuta kasoro, mimi nikiwa wa kwanza, alianza kwa kuitoa ngozi kwa heshima, kisha akatafuta kasoro katika gari ambalo tayari lilikuwa limepona. Ni heshima yetu ndiyo iliyotupofusha, na bado siwezi kusema kwamba ilikuwa heshima mbaya.

Nilicheka kwa sauti, nikasema, "Alhamdulillahi, ni ngozi!" Halafu nikamtazama Bibi usoni, na kicheko kikanikauka. Yeye alikuwa amekwisha kufika kule ambako mimi ndiyo kwanza ninakwenda.

"Kumbe ni ngozi yangu," alisema taratibu. "Shija alikuwa amesema kweli."

"Sivyo, Bibi. Imevimba tu. Hata gunia lingefanya hivi."

"Utawaambia hivyo?"

"Nitawaambia."

"Watasikia neno la kwanza. La pili hawatasikia." Akanisogezea bakuli. "Kula, Lajabu. Yanapoa."

Nilikula. Nakumbuka yeye akinitazama nimalize, kama kila siku. Nilifikiri kuitupa ngozi mtoni na kusema nimetengeneza gari. Lakini Ngassa angeuliza ngozi iko wapi, na kama gari lingepona siku ileile ngozi ilipotoweka, hukumu ya Bibi ingekuwa imeandikwa na mkono wangu. Nilifikiri kuipunguza kwa siri na kukaa kimya. Gari lingepona, na mganga angekuja kesho vilevile, na Shija angekuwa na mkono wake uliovunjika vilevile. Chuoni Tinde, tulikosomea Kurani, mwalimu wetu alitufundisha kwamba ushahidi ukifichwa moyo wa aliyeuficha hupata dhambi. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo mara nyingi kwa sauti nzuri, na sikujua kwamba iko siku itanidai. Nilikuwa kijana wa watu, mgeni katika ukoo ule, na mtu anayemtetea anayeitwa mchawi huulizwa amegawiwa nini. Naungama kwamba nilipanga nguo zangu katika sanduku la bati. Nilizipanga, nikalifunga sanduku, nikakaa juu yake mpaka jua likazama, nikaogopa kuondoka kama nilivyoogopa kubaki.

Ijumaa asubuhi, kabla mganga hajafika, nilimwendea Ngassa uani akipiga mswaki. "Shikamoo, Baba. Kasoro nimeiona. Naomba niionyeshe mbele ya watu, pale mtoni, na Shija awepo." Alitema povu. "Mbele ya watu kwa nini?" "Kwa sababu kesi imeshafika midomoni mwa watu." Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Gulio lilikuwa karibu na kivuko, na watu walipoliona gari limeinuliwa kwa jeki ukingoni walikuja bila kuitwa. Bibi Ngolo naye alikuja, peke yake, akasimama mahali ambapo watu walimwachia nafasi pana kupita kiasi.

Sikuanza na ngozi; niliiacha kwenye kiti mbele ya macho yao. Nilimwambia Shija, "Kaka, naomba koti lako." Alisita, kisha kwa mkono wake mzima akalivua lile koti la jeshi na kunipa. Nililichovya mtoni, nikalikunja, nikalisukuma sakafuni mbele ya mkono mfupi kama ilivyokuwa imejikunja ngozi. Nikamwomba Shija mwenyewe asukume kirungu. Akasukuma. "Kimeingia?" "Kimeingia." "Kashike gurudumu." Akashuka, akalishika kwa mkono mmoja. Likazunguka bure. Watu wakanong'ona. Nikalitoa koti. "Sukuma tena." Gurudumu likagoma, akalivuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Nikarudisha koti, likazunguka. Alijaribu mara tano, na mara ya tano hakunitazama tena usoni. Hapo ndipo nikasema kwamba ngozi iliyolowa ilifanya kazi hiyohiyo ya koti, kwamba ng'ombe wa ngozi ile nilimchinja mimi kwa jina la Mungu, na nyama yake tulikula sote. Basi anayetaka kuhukumu ngozi aanze na kisu, na kisu ni changu.

Shija alishika koti lake linalochuruzika maji. Ndipo Mama Yohana, aliyekuja na sinia lake la maandazi kichwani, akasema kwa sauti ya sokoni: "Haya, Shija! Na hilo koti nalo lina macho mekundu? Au tulisindikize?"

Mtu mmoja alicheka, halafu wa pili, halafu gulio zima. Sikuwa nimejua mpaka siku ile kwamba kicheko kinaweza kuwa rehema. Ngassa hakucheka. Alikuja mlangoni, akaichukua ngozi kutoka kwenye kiti, akampa shangazi yake kwa mikono miwili. "Mayu," alimwita, yaani mama, "tufanye nini na ngozi yako?" Bibi akatoa kisu chake kidogo cha kumenyea viazi. Tulipima pamoja, mimi nikionyesha mkono unapofika, yeye akikata, akatoa duara mbele ya ule mpasuo. Tukaitandika, tukaikaza kwa skrubu nne za bati la sakafu isitembee tena. "Sasa," akasema, "nani anavuka?" Shija alitazama maji. Watu wote walitazama maji. Bibi Ngolo akapanda kwenye kiti cha abiria, akaweka miguu yake juu ya ngozi.

Nilikuwa na hakika na ufundi wangu, na niliogopa vilevile. Kama gari lingekwama katikati, kwa jiwe tu, kwa shimo tu, hakuna ambaye angenisikiliza tena. Nilisema Bismillahi, nikaingia majini. Maji yalipanda. Nikasukuma kirungu: tak. Nyuma kukateleza, gari likainama upande uleule wa siku ile. Kisha mbele kukashika, kama mtu anayekushika mkono gizani, na likavuta, likavuta, tukatoka ng'ambo. Bibi alikuwa amefumba macho. "Tumefika?" "Tumefika, Bibi." "Una mikono yote?" "Ninayo." "Basi nirudishe. Nimeacha viazi jikoni."

Mganga alikuja saa nne, akakuta watu wananunua chumvi, akaondoka. Bibi Ngolo aliishi miaka tisa baada ya hapo, akafa kitandani pake kwa ugonjwa wa uzee. Lakini sitaki kumaliza kana kwamba dunia ilipona. Masika yaleyale, mwendo wa siku moja kutoka kwetu, kikongwe mwingine alisindikizwa kwa sababu ya ndama waliokufa, na hapakuwa na gari la kumtetea wala mtu mwenye jeki. Jina lake silijui. Mimi humwombea bila jina.

Na sasa maneno ya binti yake Shija. Aliniambia kwamba siku Bibi alipoanza kuugua, aliyemhamishia nyumbani kwake alikuwa Shija, na aliyemsombea kuni, kuni za kweli, mpaka macho yakatulia, alikuwa Shija. Bibi alimwachia kile kipande cha duara alichokikata mtoni. Shija alikitundika juu ya mlango wake zaidi ya miaka arobaini, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa ni kifuniko cha kibuyu. Karibu na kufa alimwita binti yake, akamwambia: "Mpelekee Lajabu. Mwambie lile koti nililichoma moto wiki ileile. Hiki sikuweza kukichoma, wala sikuweza kuacha kukitazama."

Nimekishika sana asubuhi hii. Bado kina harufu ya moshi. Ewe unayesoma, Mungu akupe macho ya kuona kilicho chini ya miguu yako kabla hujatafuta mtu wa kulaumu. Akupe ulimi siku utakayotamani kukaa kimya, na mtu wa kucheka kwa wakati wake kama alivyotupa Mama Yohana. Akuvushe kila mto ulio mbele yako, ukiwa na mikono yako yote. Amina.